Kurudi Penye Samaki: Habari za GPS katika Mashua Ndogo

Leo katika somo la historia tutazungumza juu ya GPS, chombo kimwambiacho mtu mahali alipo duniani. Tutakitazama katika mashua ya mtu mmoja tu, yule avuaye samaki kwa kujifurahisha. Mtasema, mtu huyo ana shida gani? Subirini. Nahodha wa meli hutafuta bandari, na bandari ni kubwa. Mvuvi hutafuta mwamba mmoja chini ya maji, pengine haupiti upana wa nyumba. Akiukosa kwa mita 50, atarudi na chambo chake.

Mvuvi wa pwani yetu ana dawa ya zamani. Hutazama vitu viwili vya nchi kavu vilivyo katika mstari mmoja, tuseme mnazi na mnara. Kisha hutazama vingine viwili upande mwingine. Mistari hiyo ikikutana, amefika. Lakini nchi kavu isipoonekana, dawa hiyo haifai kitu.

Sasa twende Marekani, katika Ghuba ya Meksiko, magharibi ya jimbo la Florida. Huko pwani ni ya chini, na mashua ikienda maili 20 nchi haionekani tena. Sakafu ya bahari ni tambarare kwa mwendo mrefu, na chewa na changu hukusanyika penye miamba na penye meli zilizozama. Wavuvi wa huko walipataje njia?

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani walitengeneza njia ya redio iitwayo Loran. Aina yake ya baadaye, Loran-C, ilianza kutumika mwaka 1957, na mwaka 1974 serikali iliichagua iwe ya vyombo vya raia karibu na pwani. Vituo vya nchi kavu vilipeleka mawimbi ya redio, na mashine iliyo chomboni ilipima tofauti ya muda wa kufika kwake. Mvuvi hakusumbuka na hesabu hiyo. Alipopata mwamba mzuri aliandika namba mbili katika daftari, na daftari hilo hakumwonyesha kila mtu!

Hapa sikilizeni vizuri. Loran-C iliweza kukosea mahali kwenye ramani kwa robo ya maili ya bahari, yaani karibu mita 460. Lakini kosa lake lilikuwa karibu lile lile siku zote. Basi aliyeandika namba akiwa juu ya mwamba, akizifuata tena, aliweza kufika umbali wa mita 18 hadi 90 tu kutoka pale pale. Ni kama saa ya ukutani iliyo mbele kwa dakika kumi: mwenye nyumba aijuaye hachelewi.

GPS ilikuwa mali ya jeshi la Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978. Mwaka 1983 ndege ya abiria ya Korea ya Kusini ilipotea njia, ikatunguliwa na ndege ya kivita ya Muungano wa Sovieti, na watu 269 wakafa. Ndipo Rais Reagan alipotangaza kwamba GPS itakapokuwa tayari, raia wa nchi zote wataitumia. Mwaka 1989 kampuni ya Magellan iliuza GPS ya kushika mkononi kwa raia, bei yake karibu dola 3,000. Mwaka 1995 ikatangazwa kwamba mtambo wote umekamilika, una setilaiti 24 zikizunguka juu kiasi cha kilomita 20,200, kila moja na saa yake sahihi mno.

Lakini jeshi liliharibu kwa makusudi ishara za raia, ili adui asizitumie. Kosa lilifika mita 100, nalo lilibadilika-badilika, leo huku, kesho kule. Basi mwenye mashua alikuwa na swali gumu: anunue chombo kipya kijuacho dunia nzima, au abaki na cha zamani kinachomrudisha penye mwamba wake? Wengi walifunga vyote viwili. Nami naona walioishikilia Loran hawakuwa wajinga hata kidogo.

Usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Clinton, uharibifu ule ulizimwa. Kulipokucha, chombo kile kile kilikosea kwa mita 20 au chini yake, na mwenyewe hakutoa hata senti.

Tarehe 8 Februari 2010 Marekani ilianza kuizima Loran-C. Madaftari je? Namba zake ziligeuzwa kwa hesabu ziwe za GPS, lakini hesabu hiyo ililileta tena kosa la zamani la ramani. Waliokuwa wamepita juu ya miamba yao wakiwa na vyombo vyote viwili, wakaandika namba mpya, hawakupoteza kitu. Wengine walianza kutafuta upya.

Siku hizi karibu kila GPS hukosea mita chache tu, kwa hiyo anunuaye mashua yake haulizi hilo kwanza. Huuliza kama kioo chasomeka juani, kama maji ya chumvi hayaingii, kama ramani ya bahari iliyomo ni mpya, na kama kina cha maji na samaki huonekana papo hapo. Tena huuliza kama namba zake zaweza kutolewa na kutiwa katika chombo kingine kitakapokufa. Dira ya sumaku haitoi chomboni, maana haihitaji betri.

Sasa shikeni kalamu. Mawimbi ya redio huenda karibu mita 300 katika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Muda ukipimwa vibaya kwa sehemu tatu kama hizo, umbali utakosewa kwa mita ngapi? Jibu mtalifanya na mwalimu wenu ubaoni. Kwaherini.