Kulehemu au kuchomelea?

Wenye kamusi hupenda kulehemu, neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na lahm, yaani nyama. Gereji wanasema kuchomelea. Kwa bodi ya gari nasimama na gereji: mabati mawili hubanwa kati ya ncha za shaba, umeme mkali hupita, chuma huyeyuka na kushikana kwa nukta. Gari moja lina maelfu ya nukta hizo. Mtindo wa zamani wa kupima uimara wake ni kuzibandua kwa patasi, na bodi iliyopimwa hivyo haiuziki tena. Siku hizi upande mmoja hupigwa mmweko wa joto, kamera ya infraredi ikitazama upande wa pili: palipoungana joto hupenya upesi, penye mwanya huchelewa. Vitabu huuita “ukaguzi usioharibu”. Jina la ofisini hilo! Mimi ningesema kupima bila kubandua.