Kupungua kwa Wakazi na Kudumu kwa Mahali: Kaunti ya Graham, Kansas, 1877–2020

1.0 Utangulizi

Kaunti ya Graham iko kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, katika mbuga za nyasi zinazopitiwa na Mto Solomon. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 2,330. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 2,415, yaani wastani wa mtu mmoja hivi kwa kila kilomita ya mraba. Mwaka 1910 kaunti hiyohiyo ilikuwa na watu 8,700. Katika kipindi cha miaka 110, idadi ya wakazi imepungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Upungufu wa namna hii katika Nyanda Kuu za Marekani umezoeleka kuelezwa kwa sababu za kimaumbile: mvua haba, upepo na udongo uliochoka. Mwaka 1987 wanazuoni Frank Popper na Deborah Popper walifikia hatua ya kupendekeza kwamba sehemu kubwa za nyanda hizo zirudishwe kuwa malisho ya nyati wa Amerika, kwa kuwa kilimo kilikuwa kimeshindwa kuwaweka watu. Makala haya yanatoa hoja mbili. Kwanza, katika Kaunti ya Graham hali ya hewa ilikuwa sababu mojawapo tu. Maamuzi kuhusu ardhi, reli na mitambo yalikuwa na uzito mkubwa katika kuamua nani abaki na nani aondoke. Pili, historia ya mji wa Nicodemus, uliomo ndani ya kaunti hiyo, inaonyesha kwamba idadi ya wakazi si kipimo kamili cha uhai wa mahali.

2.0 Ardhi Iliyohesabiwa kuwa Tupu

Mipaka ya kaunti ilichorwa mwaka 1867, kabla walowezi hawajafika kwa wingi. Jina lake lilitokana na Kapteni John L. Graham, aliyeuawa katika mapigano ya Chickamauga mwaka 1863. Hata hivyo, ardhi hiyo haikuwa tupu. Wapawnee na mataifa mengine ya wenyeji wa Amerika waliwinda nyati huko kwa vizazi vingi. Katika miaka ya 1870 makundi ya nyati yaliteketezwa na wawindaji wa ngozi, na Wapawnee wakahamishiwa katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Kwa hiyo, utupu uliowapokea walowezi ulikuwa umetengenezwa na binadamu. Jambo hili ni la msingi, kwa sababu karne moja baadaye neno hilohilo, “tupu”, lilitumika dhidi ya wazao wa walowezi wenyewe.

Sheria ya Makazi ya mwaka 1862 ilimwezesha mlowezi kupata ekari 160 kwa sharti la kukaa na kulima kwa miaka mitano. Kipimo hicho kililingana na mashamba ya mashariki, kwenye mvua za kutosha. Katika nyanda kame za magharibi, ekari hizo zilikuwa chache mno kwa ufugaji, na kwa kilimo cha kutegemea mvua zilimwacha mkulima bila akiba mwaka mmoja tu ulipokuwa mbaya.

3.0 Nicodemus: Kuanzishwa na Kupitwa na Reli

Nicodemus ulianzishwa mwaka 1877 na kampuni iliyoongozwa na mchungaji Mweusi, W. H. Smith, pamoja na mfanyabiashara Mzungu wa viwanja, W. R. Hill. Walowezi wake wa kwanza walikuwa Weusi, wengi wao kutoka Kentucky, ambao miaka kumi na miwili tu ilikuwa imepita tangu utumwa ukomeshwe nchini kote. Kundi dogo la watu wapatao 30 lilifika Julai, na kundi kubwa la watu kama 300 likafuata Septemba. Hawakukuta mji. Kwa kukosa mbao, walichimba makao ardhini na ubavuni mwa vilima. Willianna Hickman, aliyewasili mwaka 1878, alikumbuka uzeeni kwamba alipouliza mji uko wapi, alionyeshwa moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini, naye akalia. Baadhi ya familia zilirejea makwao, lakini nyingine zilibaki.

Waliobaki walijenga makanisa, shule, hoteli na maduka, na katika miaka ya 1880 mji ulikuwa na magazeti mawili. Serikali ya kaunti ilipoundwa mwaka 1880, karani wake wa kwanza alikuwa Edward P. McCabe, Mweusi aliyehamia Nicodemus mwaka 1878. Mwaka 1882 alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas. Hayo yalitokea wakati majimbo ya Kusini yalipokuwa yakiwapokonya Weusi haki walizokuwa wamezipata baada ya vita.

Mwaka 1887 wapiga kura waliidhinisha hatifungani za dola 16,000 ili kuivutia kampuni ya reli ya Missouri Pacific. Reli hiyo haikujengwa. Mwaka uliofuata, kampuni ya Union Pacific ilipitisha njia yake kusini mwa mto, maili chache kutoka mjini, na kando ya njia hiyo ukaota mji wa Bogue. Wafanyabiashara wengi wa Nicodemus walihamia huko. Mji ambao ulikuwa umevumilia baridi, njaa na ukame ulidhoofishwa na uamuzi ambao wakazi wake hawakuwa na sauti ndani yake.

4.0 Takwimu za Kuondoka

Takwimu za sensa zinaunga mkono hoja kwamba ukame hautoshi kueleza yaliyotokea. Kati ya mwaka 1930 na 1940, muongo wa dhoruba za vumbi, kaunti ilishuka kutoka watu 7,772 hadi 6,071. Ni upungufu wa asilimia 22 hivi. Mwaka 1960, baada ya uchimbaji wa mafuta kuleta ajira, idadi ilikuwa 5,586. Kufikia mwaka 2000 ilikuwa 2,946, yaani upungufu wa asilimia 47 katika miaka 40. Wastani wa upotevu wa kila muongo katika kipindi hiki ulikuwa mdogo kuliko ule wa muongo wa vumbi, lakini ulidumu mara nne zaidi.

Cha kuzingatia ni kwamba watu waliondoka huku ngano ikiendelea kulimwa na mavuno ya kila ekari katika Kansas yakiongezeka. Trekta na mashine kubwa za kuvunia ziliiwezesha familia moja kulima ardhi iliyohitaji familia kadhaa hapo awali, na gharama ya mitambo hiyo ilimlazimu mkulima kupanua shamba au kuuza. Kila familia iliyouza ilipunguza wanafunzi shuleni na wateja dukani. Ofisi ya posta ya Nicodemus ilifungwa mwaka 1953. Ardhi haikushindwa kuzalisha. Ilizalisha bila kuhitaji watu wengi.

5.0 Hitimisho

Leo wakazi wa kudumu wa Nicodemus ni wachache sana. Hata hivyo, kila mwaka, mwishoni mwa Julai, wazao wa waasisi hurejea kutoka sehemu mbalimbali za Marekani kwa sherehe ya ukombozi ambayo chimbuko lake ni mwaka 1878. Kutokana na juhudi zao, mwaka 1996 serikali kuu iliutangaza mji huo kuwa Eneo la Kihistoria la Taifa, likijumuisha majengo matano: makanisa mawili, shule, hoteli na ukumbi wa mji.

Sensa huhesabu mtu pale anapolala. Haihesabu anapozika wazee wake wala anaporudi kila mwaka pamoja na watoto wake. Kwa kipimo cha kwanza, Kaunti ya Graham inaelekea kuwa tupu. Kwa kipimo cha pili, ingali mahali penye wenyewe. Mtafiti anayetegemea kipimo cha kwanza pekee anaweza kurudia kosa la mwaka 1877: kuiona ardhi haina watu kwa sababu wenyewe hawakuonekana siku ya kuhesabu.