Hifadhidata katika wingu: Jukumu la kulinda data halihami

KAMPUNI na taasisi nyingi haziweki tena hifadhidata zao katika seva zilizofungiwa chumba kimoja cha ofisi. Badala yake, hukodi nafasi katika vituo vya kampuni kubwa kama vile Amazon, Microsoft na Google, na kuifikia kupitia intaneti. Mtindo huo ndio uitwao wingu.

Faida zake ni bayana. Mteja hanunui mitambo, hulipia kiasi anachotumia, na kazi ya kubadilisha diski zilizoharibika humwangukia mwenye kituo. Hata hivyo, yapo matatizo ambayo malipo hayo hayayaondoi.

La kwanza ni umbali. Ishara husafiri katika nyaya za faiba kwa kasi ya takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Iwapo programu iko Nairobi na hifadhidata iko Ulaya, umbali wa kilomita 7,000, swali moja na jibu lake huchukua angalau milisekunde 70. Programu inayouliza maswali 50, moja baada ya jingine, ili kufungua ukurasa mmoja humfanya mtumiaji angoje sekunde tatu na nusu. Dawa yake ni kuweka programu na hifadhidata mahali pamoja, au kupunguza idadi ya maswali.

Isitoshe, njia yenyewe huweza kukatika. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zinazopita chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikazorota nchini Kenya, Tanzania na mataifa mengine ya eneo hili.

Tatizo la pili, ambalo ni zito zaidi, ni kupotea kwa data. Hifadhidata nyingi za wingu huwa na nakala pacha katika kituo kingine, ili kimoja kikizimika, kingine kishike kazi. Baadhi ya wateja hudhani nakala hizo ni akiba. Sivyo. Nakala pacha huiga kila badiliko. Rekodi ikifutwa kimakosa upande mmoja, hufutika na wa pili pia.

Mwezi Mei 2024, UniSuper, hazina ya pensheni ya Australia yenye wanachama zaidi ya 600,000, ilipoteza mfumo wake uliokuwa katika wingu la Google. Kigezo kimoja kilichoachwa wazi wakati wa kuuandaa kiliufanya mfumo huo ufutwe wenyewe baada ya mwaka mmoja. Huduma zilikatizwa kwa siku kadhaa. Kilichoiokoa hazina hiyo ni nakala za akiba zilizokuwa nje ya mfumo uliofutwa, zikiwemo zilizowekwa kwa mtoaji huduma mwingine.

Kuwa na akiba pekee pia hakutoshi. Mnamo Januari 31, 2017, mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta data katika seva kuu akidhani yuko katika seva ya pili. Akiba ya kila siku ilipotafutwa, iligunduliwa kwamba utaratibu wa kuitengeneza ulikuwa umekwama, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa. Kampuni ililazimika kutumia nakala iliyotengenezwa saa sita awali, na data ya muda huo ikapotea.

Wahenga walinena kuwa akiba haiozi, lakini akiba ya data huoza isipokaguliwa. Njia ya pekee ya kujua kwamba ni nzima ni kuirejesha mara kwa mara katika seva ya majaribio na kupima muda unaohitajika.

Sheria nayo haimwondolei mwenye data lawama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka wa 2019 inamtaka anayekusanya data za watu kumwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 zikivuja na kuhatarisha wahusika, hata kama seva si yake. Mwenye kituo hukodisha mitambo. Anayeulizwa na wananchi kuhusu rekodi zao ni yule waliyemkabidhi.