Mirathi ya Arlington: Wasia, Damu na Hati katika Ukoo wa Custis, 1857–1883

George Washington Parke Custis, mjukuu wa Martha Washington, alifariki Oktoba 1857 akiacha wasia juu ya shamba lake la Arlington, Virginia, lenye ekari zipatazo 1,100. Binti yake, Mary Anna, mke wa Robert E. Lee, alipewa haki ya kulitumia maisha yake yote. Baada yake lingekuwa mali ya mjukuu wa kwanza, George Washington Custis Lee, aliyezaliwa 1832. Wajukuu wanne wa kike waliahidiwa dola 10,000 kila mmoja, na watumwa wote waachwe huru katika muda usiozidi miaka mitano.

Masharti hayo mawili ya mwisho yaligongana. Shamba lilikuwa na madeni, na Lee, aliyekuwa msimamizi wa mirathi, alitaka fedha za wajukuu zipatikane kwanza kutokana na jasho la watumwa walewale. Wao walishikilia kwamba Custis aliwaahidi uhuru mara tu atakapokufa. Wesley Norris alitoroka mwaka 1859, akakamatwa na, kwa ushahidi wake wa 1866, akachapwa viboko. Hati ya uhuru ilitolewa mwishoni mwa 1862.

Kwa wakati huo vita vilikuwa vimeshalitwaa shamba. Kodi ya dola 92.07 ilidaiwa; Mary Anna, mgonjwa, alimtuma jamaa yake kuilipa, lakini maofisa walimkataa kwa kuwa mmiliki hakufika mwenyewe. Januari 1864 serikali ililinunua mnadani kwa dola 26,800, na tangu Mei mwaka huo wanajeshi wakazikwa humo. Custis Lee alishtaki. Mwaka 1882 Mahakama ya Juu ilimpa haki, majaji watano dhidi ya wanne, na mwaka uliofuata akaiuzia serikali shamba hilo kwa dola 150,000.

Wanahistoria wengi huishia hapo, kana kwamba mrithi alikuwa mmoja. Lakini Custis alikuwa amezaa pia na mtumwa, Arianna Carter. Binti yao, Maria, ambaye kwa hesabu ya ujamaa ni mama mkubwa wa Custis Lee, alipewa uhuru na kipande cha ekari 17 hivi, bila hati. Wasia haukumtaja. Ardhi yake ilipomezwa na mnada ule, hakuwa na karatasi ya kupeleka mahakamani. Njia iliyobaki ilikuwa kuliomba Bunge. Mwanawe, William Syphax, mtumishi wa serikali, alilishughulikia ombi hilo, na sheria ya Juni 1866 ikamrudishia mama yake ekari zake. Yaani dai lisilo na hati lilitangulia kusikilizwa, miaka 16 kabla ya lile lenye wasia, ila kama hisani ya Bunge, si kama haki ya mrithi.

Custis Lee hakuoa, na alifariki 1913 bila mtoto. Maria na mumewe, Charles Syphax, walizaa watoto kumi.