Papa mkavu, chakula cha Wamanyema waliopelekwa Pwani

Wakaaji wa Lusangi wanamjua ndagala wa Ziwa Tanganyika, na makayabo wanaijua. Papa, samaki mkubwa wa baharini, wengi wamemsikia kwa jina tu. Lakini wako watu wa Maniema waliomla papa miaka zaidi ya mia moja iliyopita, na hawakumchagua wenyewe. Ni wale waliotolewa huku na kupelekwa Pwani.

Njia inajulikana. Toka Kasongo, kwenye makao ya Tippu Tip, misafara ilipita Kabambare, ikateremka ziwani, ikavuka hadi Ujiji, kisha Tabora, mpaka Bagamoyo. Wengine walibeba pembe za tembo, wengine walikuwa wenyewe ndio bidhaa. Waliofika wazima walikaa Unguja na Bagamoyo, baadaye Dar es Salaam, na huko wote wakaitwa Wamanyema, hata kama kwao kila mmoja alikuwa na kabila lake. Msikiti wa Manyema ungali Kariakoo hadi leo.

Huko walikuta chakula kilicholetwa na upepo. Kila mwaka, kuanzia Desemba, kaskazi ilisukuma majahazi toka Oman, Hadhramaut na Somalia hadi Unguja na Mombasa. Ndani mlikuwa na tende, chumvi na papa mkavu. Kusi ilipoanza kuvuma, majahazi yalirudi na boriti za mikoko na nafaka.

Papa alipasuliwa, akatiwa chumvi nyingi, akaanikwa juani. Bila chumvi hafai, kwa sababu nyama yake ina urea, kitu kilekile kilicho ndani ya mkojo, na ikianza kuharibika inatoa harufu ya kuchoma pua. Hata akikaushwa vizuri, harufu haimwachi kabisa. Matajiri walimkimbia. Waliomla pamoja na muhogo ni watumwa, mahamali, mabaharia na maskini wa mjini. Bei yake ilikuwa ndogo, alidumu miezi, na mtu aliweza kumbeba kichwani. Familia iliyowahi kuacha kijiji usiku inajua thamani ya chakula cha namna hiyo.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa huko mwaka 1897. Papa alibaki sokoni. Leo mama wa Pwani anamloweka usiku kucha ili chumvi itoke, kisha anampika kwa nazi, na hata wenye pesa wanamla bila aibu.

Zamani hakutupwa kitu. Ini lilichemshwa likatoa mafuta yanayoitwa sifa, ya kupaka mbao za jahazi. Mapezi yalikwenda Bombay, na toka Bombay yakafika China kwa ajili ya supu ya wakubwa. Hiyo ilikuwa biashara ya pembeni. Mvuvi alitaka nyama kwanza.

Mambo yaligeuka baada ya miaka ya 1950. Nyavu za nailoni zilichukua nafasi ya nyavu za pamba, injini zikafuata. Halafu, kuanzia miaka ya 1980, China ilipoanza kutajirika, watu wengi zaidi waliweza kununua ile supu, na kilo moja ya mapezi makavu ikapita mbali bei ya kilo ya nyama. Jarife, wavu wa matundu makubwa unaolazwa majini usiku, unanasa papa na taa, lakini pia kasa na nguva. Kuanzia mwaka 2003, majarife yaliyoteremshwa kilindini huko Tanzania yalinasa hata silakanti, samaki ambaye wataalamu walidhani aliisha duniani pamoja na mijusi wakubwa wa kale, hadi alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Mvuvi wa Tanga alikuwa anatafuta papa tu.

Shida kubwa iko katika uzazi. Ndagala anataga mayai mengi sana na anakua kwa miezi. Papa wengi wakubwa wanangoja miaka mingi kabla ya kuzaa, na watoto ni wachache. Taa mkubwa kabisa anazaa mtoto mmoja, kisha anaweza kupumzika miaka miwili au zaidi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2021 ilionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu mwaka 1970. Papa upanga, mwenye pua kama msumeno, ni kama ametoweka Pwani ya Afrika Mashariki.

Mkataba wa CITES, ambao Kongo ni mwanachama wake, uliwaweka papa nyundo chini ya ulinzi mwaka 2013, na mwaka 2022 ukaongeza aina nyingine nyingi. Lakini mkataba huo unasimamia mali inayovuka mipaka. Mvuvi wa Kilwa hauzi Hong Kong yeye mwenyewe. Anamuuzia mtu wa ufukweni, na sehemu yake ndiyo ndogo kuliko zote. Kumbebesha yeye lawama yote si haki. Anayeumia zaidi mapato yakipungua ni yeye, pamoja na maskini anayenunua nyama.

Ziwa Tanganyika nalo limechoka. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake toka tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa. Ndagala ananufaika na miezi michache ya namna hiyo. Papa nyundo jike aliyezaliwa Mei ile ile, kule baharini, huenda mwaka 2034 atakuwa bado hajazaa hata mara moja.