Muflisi na Mfilisi

Mfilisi ndiye anayekusanya mali ya mdaiwa na kuwagawia wadai. Muflisi, au mufilisi kama wengi wanavyotamka, ndiye aliyeishiwa. Mmoja anashika daftari, mwingine anaandikwa ndani yake, na kinachowatenga mdomoni ni irabu moja tu. Mu- ya muflisi ni ya Kiarabu, imekuja na neno lake zima. M- ya mfilisi ni ya Kibantu, ile ile ya mkulima na msusi, na asili yake nayo ni mu-. Ndiyo maana sikio la Mswahili huwachanganya watu hawa wawili, wakati mahakamani hawapaswi kuchanganywa hata kidogo. Wingi unazidi kutatiza: wafilisi tunawajua, lakini hao wengine wengi wetu tunawakwepa kwa kusema "watu waliofilisika".

Muflisi ni ndugu wa damu wa fulusi. Fulusi asili yake ni sarafu za shaba, na wanaleksikografia wa Kiarabu walieleza kuwa muflisi ni yule ambaye dirhamu zake za fedha zimegeuka vijisarafu vya shaba, au hata hivyo hanavyo. Napenda maelezo hayo kwa sababu yanasimulia hali ya mfuko wa mtu bila kumtukana. Aibu tumeiongeza sisi.

Tazama vitenzi. Kufilisika hakuna mtendaji. Ni hali, kama kuchakaa. Kufilisiwa kuna mtu nyuma yake: dalali wa mahakama, pikapu mlangoni, friji na makochi yakipakiwa majirani wakitazama. Aliyenaswa na mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kukamua, akisikia habari za sheria ya ufilisi, picha inayomjia ni hiyo ya pili. Kwa hiyo hamwendei wakili mpaka pikapu imefika. Naamini kabisa kuwa lugha ina mkono wake katika kuchelewa huko, kwani hatuna kitenzi kilichozoeleka cha mdaiwa anayekwenda mwenyewe kuiomba sheria imkinge.

Na sheria inamruhusu. Kenya ilipotunga Sheria ya Ufilisi ya 2015, iliweka njia za kupita kabla ya mtu kutangazwa muflisi. Ipo ya kukubaliana na wadai kwa hiari, ipo ya kulipa kidogo kidogo kwa amri, na ipo ya mtu asiye na mali ya kuuza ambaye madeni yake ni kati ya shilingi 100,000 na 400,000. Huyo, utaratibu ukienda sawa, hutoka baada ya miezi 12. Jina la kisheria la njia hii ya mwisho, ukilitafsiri neno kwa neno, huwa refu lisiloshikika. Mtaani mtu wa namna hiyo ana jina tayari: hana mbele wala nyuma. Hata anayetangazwa muflisi habakizwi mikono mitupu. Fundi cherehani huachiwa vifaa anavyovihitaji kwa kazi yake, mradi thamani haivuki kiwango kilichowekwa, na fanicha za lazima za nyumbani.

Hapo ndipo wakili anapohitajika, na wa karibu ana faida: anaijua masijala ya mahakama ya hapo na madalali wake. Jina lake litafutwe katika orodha ya Chama cha Wanasheria Kenya, au kwa Tanzania Bara, Chama cha Wanasheria Tanganyika, kuhakikisha leseni yake ni ya mwaka huu. Tanzania shughuli za ufilisi zina wakala wake, RITA, ambao wengi huufahamu kwa vyeti vya kuzaliwa, ingawa neno Ufilisi limo ndani ya jina lake.

Ukikaa mbele ya wakili, sikiliza anavyotumia maneno. Mdaiwa mahakamani ni yeyote aliyeshtakiwa kwa madai, hata kama hadaiwi senti. Mfungwa wa madai ni mtu mwingine kabisa: amefungwa kwa deni la hukumu, si zaidi ya miezi sita, akila kwa gharama ya mdai, na akitoka deni lake bado lipo. Ufilisi unafanya kinyume chake: mtu hafungwi, na mwishowe deni linaondoka.

Kuondoka huko ndiko kusiko na jina lililotulia. Wapo wanaosema kusamehewa, nami silikubali. Msamaha hutoka moyoni mwa mdai, ilhali hapa sheria inamtoa mdaiwa hata mdai akiwa amenuna. Kufutiwa deni ni afadhali, ila linaitazama hesabu na kumsahau mwenye hesabu. Mimi ningechagua kufunguliwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inamzuia muflisi kugombea ubunge muda wote ambao hajafikia hatua hii. "Muflisi ambaye hajafunguliwa" angeeleweka na mpiga kura yeyote.

Basi wakili aulizwe: nitafunguliwa lini, na deni lipi litabaki? Kwa sheria ya Kenya, aliyetangazwa muflisi kwa kawaida hufunguliwa miaka 3 baada ya kuwasilisha taarifa ya mali na madeni yake, kusipokuwa na pingamizi. Deni alilolipata kwa udanganyifu linabaki.