Posta ya Uingereza na siku nne za televisheni

Tunazoea kusema televisheni ni ya kupoteza wakati. Lakini angalieni Posta ya Uingereza. Tangu 1999 ilitumia Horizon, programu ya kompyuta ya Fujitsu. Programu ilikosea hesabu, ikaonyesha feza zimepotea. Posta haikulaumu mashine, ililaumu wenye kushika maofisi madogo ya mitaa na vijiji. Na juu Posta iko na haki ya kushitaki watu yenyewe, ilikuwa mlalamikaji na mchunguzi pamoja! Watu zaidi ya 900 walihukumiwa. Wengine waliingia gereza, wengine waliuzisha nyumba kulipa deni lisilokuwako.

Alan Bates, mwenye alinyanganywa ofisi yake mu 2003, alikusanya wenzake, wakawa 555, wakashinda tribinali mu 2019. Hatia nyingi zikabaki vilevile. Gazeti Computer Weekly liliandika tangu 2009, wakubwa wakanyamaza.

Mwezi wa kwanza 2024, ITV ikaonyesha mchezo juu yao siku nne. Siku sita kisha, Waziri Mkuu Sunak akatangaza sheria ya kufuta hatia. Ilipita mwezi wa tano. Miaka yote ile makaratasi yalikuwako; kilichokosa ni wapiga kura wenye hasira. Na wengine wenye kuhukumiwa walikuwa wameshakufa.